Vichomi Vyangu vya Kiazi cha Moto

Jamani, kama kuna mtu hapa bado hajui kwa nini watoto wa kijiji hiki huniita Babu Kiazi, asogee karibu, maana leo nitaisema mwenyewe, nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu ambao siku ile hawakuwepo, wengine hata kuzaliwa walikuwa hawajazaliwa, lakini wanaisimulia wamejishika mbavu kana kwamba wao ndio waliolishika lile blanketi (la blanketi mtalisikia, msiwe na haraka). Aibu ni yangu, naijua kuliko nyote. Mama Kabula, mke wangu, amehakikisha siisahau.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, ile miaka yake ya mwisho mwisho, na wakati ule mimi nilikuwa kijana mwenye mke mmoja, binti mmoja na majivuno ya watu kumi. Nilikuwa manju. Si manju wa kubahatisha, manju wa Bagika, kundi letu la ngoma, ninayetunga nyimbo na kuziongoza, nikiinua mkono wapiga ngoma wote wananyamaza. Na ninyi mliokulia mjini niwaeleze jinsi ngoma zetu zilivyoshindanishwa, maana bila hilo hamtaelewa wazimu ulionipata. Ukishapita mavuno, pamba imeuzwa, viazi vimechimbwa, vumbi la kiangazi limetanda, Bagika na Bagalu, wale wapinzani wetu wa ngoma, wanakutana kwenye uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, hawa upande huu, hawa upande ule, watu katikati. Mwamuzi hakuna. Watu wenyewe wanatembea kumfuata anayewafurahisha, wanahama, wanarudi, wanahama tena, na jua likizama aliyebaki na wapiga ngoma wake tu anajua kwamba ameshindwa, hakuna haja ya kumwambia.

Mwaka uliotangulia nilibaki na wapiga ngoma wangu na mbwa mmoja. Aliyenifanyia hivyo ni Masanja, manju wa Bagalu, mtu wa ng'ambo ya mto, mrefu, mpole, ana sauti ya kutoka tumboni. Na mwaka huu watu walikuwa wananong'ona kwamba Masanja amekwenda mpaka kwa Wazinza kutafuta samba mpya, yaani dawa ya ngoma, ile ya kuvuta watu. Kila manju alikuwa na samba yake, hata mimi nilikuwa nayo, ila ya kwangu kwa ushahidi wa mwaka uliopita ilivuta mbwa.

Basi zimebaki siku mbili tu ngoma ipigwe, mimi nikaamka na mafua. Makamasi, kikohozi, koo linawasha, na sauti, jamani, sauti imekwenda. Nikifungua kinywa natoa mlio wa mlango wa zizi. Mama Kabula akanichemshia maji, akatia asali, akanipa.

"Kunywa, Baba Kabula, halafu unyamaze. Itarudi yenyewe."

Ninyamaze! Mtu anamwambia manju anyamaze siku mbili kabla ya ngoma! Nilikasirika, lakini kukasirika bila sauti hakuna faida, kwa hiyo nikanywa.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka Nkwabi, jirani yetu aliyekuwa akichimba dhahabu mgodini Geita. Alirudishwa nyumbani amebebwa, ana vichomi, anahema juu juu kama mbuzi aliyekimbizwa, watu wameshaanza kuulizana nani atachimba kaburi. Dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati yetu, akamchoma sindano ya penisilini leo, akamchoma kesho, akaendelea, na haikupita muda Nkwabi anakula ugali, anaomba mchuzi uongezwe. Kijiji kizima kiliona. Sasa mimi nikapiga hesabu zangu (msicheke, kila mtu angezipiga). Kama dawa ile imemtoa mtu kaburini ikamfikisha kwenye ugali, je, ikimwingia mtu mzima mwenye afya yake, mwenye mafua kidogo tu, itamfikisha wapi? Nikajiona nimesimama uwanjani, sauti inasikika mpaka Mwanza, watu wanamkimbia Masanja na Uzinza wake. Samba yao ya mizizi, samba yangu ya sindano.

Nikaenda zahanati. Dresa alikuwa anaitwa Salum, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa makamo, Mwislamu safi, kanzu yake nyeupe na koti lake jeupe, mpaka watoto walidhani amezaliwa na nguo.

"Shikamoo, Bwana Dresa," nikasema kwa ule mlio wangu.

"Marahaba. Mbona unanong'ona, Baba Kabula, umeiba?"

Akanitazama kooni kwa mpini wa kijiko, akaweka mipira yake masikioni akanisikiliza kifua, mbele na nyuma, akaniambia nikohoe, nikakohoa. Akatabasamu.

"Mafua."

"Nichome sindano."

"Ya nini?"

"Ile ya Nkwabi."

"Nkwabi alikuwa na vichomi. Penisilini na vichomi ni maadui, wakikutana mmoja lazima aanguke. Lakini mafua na penisilini hawajuani kabisa, watapishana humo mwilini hata salamu hawapeani. Nitakuwa nimekutoboa bure." Akanionyesha kabati. "Na vichupa vyenyewe vimebaki viwili, gari la dawa halijulikani linakuja lini. Nenda kanywe maji ya moto, ulale, ufunge mdomo."

"Bwana Dresa, ngoma ni keshokutwa!"

"Basi hata huko, funga mdomo, ucheze kwa miguu."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilimwona ana roho mbaya, nikadhani anamfichia mtu wake dawa, nikadhani labda ametumwa na Bagalu, yaani ilimradi. Asubuhi yake Mama Kabula alikuwa amefukia viazi kwenye majivu ya moto, viko vinaiva vinatoa harufu, yeye amekwenda kuteka maji, binti yetu Kabula anacheza nje, na mimi nimekaa jikoni peke yangu nimejifunga blanketi, naviangalia vile viazi. Uamuzi ulikuwa mdogo tu. Nikachukua kimoja.

Nikakifunga kwa kitambaa, nikakibana kwapani ndani ya shati, nikachukua fimbo, nikaenda zahanati nikijikokota. Dalili nilikuwa nazijua zote, si nilikuwa nakaa kwa Nkwabi kumwuguza? Nikashika ubavu, nikahema kwa kukatakata, nikaugua. Kuugua kwenyewe sikuhitaji kuigiza sana, kwa sababu kiazi, wenzangu, kilikuwa kimetoka jivuni sasa hivi na kitambaa kilikuwa chepesi.

Dresa Salum akashtuka. Akanikalisha, akachukua kipimo cha joto akakitia kwapani, na kwa bahati akachagua kwapa lile lile, nami nikakisogeza kiazi nyuma kidogo vikakaa pamoja, wageni wawili kwenye kitanda kimoja. Akakitoa. Akakiangalia. Akakikung'uta, akaenda nacho dirishani, akakiangalia tena.

"Baba Kabula," akasema taratibu, "kwa joto hili ulitakiwa uwe umekufa."

Akanipima mara ya pili. Kiazi kilikuwa kimeanza kupoa, kwa hiyo safari hii nikawa na joto la mtu anayekaribia kufa tu. Akachukua mipira yake akanisikiliza, nami nahema vile vya kukatakata, naye anasikiliza, anahamisha, anasikiliza. "Kifua hakisemi kitu," alikuwa anajisemea. "Hakisemi kitu kabisa." Nikaona anasita, anaangalia kabati, ananiangalia mimi. Ningeweza kuishia hapo. Lakini alinishika bega, akasema maneno ambayo mpaka leo yananichoma kuliko sindano yake.

"Mwaka jana ulipoimba ule wimbo wa mama aliyefiwa na watoto wake mapacha, nililia, Baba Kabula. Mimi mtu mzima. Siwezi kukuacha ufe nikisubiri kifua kiseme."

Yule bwana alikuwa ananipenda, na mimi sikuwa na habari. Akafungua kabati, akachanganya ule unga mweupe na maji yake, akavuta kwenye bomba, akaniambia nigeuke. Sitaieleza sindano yenyewe. Nitasema tu kwamba sindano za zama zile hazikuwa hizi zenu nyembamba za siku hizi, zile zilikuwa zinachemshwa na kunolewa, na nilipoinuka mguu mmoja ulikataa kunifuata.

Nikavuta suruali, nikachukua fimbo, nikaelekea mlangoni nikafanye mazoezi ya nyimbo.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Mtu wa vichomi hatembei. Ingia humo ulale, kesho utapata ya pili."

Zahanati ilikuwa na chumba chenye vitanda viwili, magodoro ya nyasi. Akasema shati na suruali vimelowa jasho, vivuliwe vifuliwe (jasho lenyewe la kiazi), akanipa blanketi jekundu la serikali. Nilichowahi ni kukichomoa kiazi na kukisukuma chini ya godoro. Nikalala juu yake.

Habari zikatoka pale mbio kuliko mimi nilivyoingia. Kabla ya mchana Mama Kabula amefika analia, maskini, kanga imeanguka begani, na mimi nataka kumwambia, nataka kabisa, lakini Dresa amesimama pale pale na sauti ndiyo ile. Nikamkonyeza. Akadhani jicho linageuka, akalia zaidi. Wakaja wapiga ngoma wangu, wakaja majirani, akaja Nkwabi mwenyewe akanishika mkono akaniambia, "Jikaze, ndugu, mimi nilikuwa hivi hivi," na kila aliyeingia ilibidi nimuugulie kidogo ili asitilie shaka, mpaka jioni kuugua kumemaliza hata ule mlio wa mlango uliokuwa umebaki. Sikuwa na sauti ya kumfukuzia inzi. Na penisilini ndani ya mwili wangu ilikuwa imepishana na mafua bila salamu, vile vile kama alivyosema.

Siku ya ngoma ikafika. Nilifungua macho nikakuta chumba kimejaa na nje kumejaa. Wachezaji wangu wamekuja na manyoya yao kichwani na njuga miguuni, wamepita kuniaga kabla ya kwenda uwanjani. Na kwenye kona, ameketi chini juu ya mkeka, uso ameuelekeza ukutani kwa heshima, alikuwa mama mkwe wangu. Mnajua mkwe ni nani kwetu. Mimi na yeye tukikutana njiani mmoja alikuwa anaingia porini mwingine apite. Leo amekuja kutoka kwao, amekaa chumba kimoja na mimi, kwa sababu ameambiwa mume wa binti yake anakufa. Nikavuta blanketi mpaka kidevuni.

Dresa Salum akaingia na kichupa cha mwisho mkononi, na nyuma yake, kabla hajafunga mlango, akaingia Masanja.

Alikuwa na nguo zake za ngoma, na mikononi amebeba mtoto. Nyuma yake mkewe, Mama Minza, hana hata viatu. Walikuwa wamekuja kwa baiskeli kutoka ng'ambo ya mto.

"Bwana Dresa, nisaidie," Masanja akasema. "Tulidhani ni mafua. Tangu alfajiri hataki kunyonya."

Wakamlaza yule mtoto kwenye kitanda cha pili, hatua moja tu kutoka kwangu. Minza alikuwa hajaanza hata kutambaa. Na mimi niliyejifanya mgonjwa wa vichomi siku nzima nikaviona vichomi vyenyewe. Pua zake ndogo zilikuwa zinatanuka na kufunga, tanuka, funga. Chini ya mbavu, kila akivuta pumzi, ngozi inazama ndani. Hakuwa akilia. Watoto wote wagonjwa hulia, huyu hakuwa na nafasi ya kulia, pumzi zote alikuwa anazihitaji kwa kuhema. Nilisikia aibu pale ambayo sijawahi kuisikia, na ilikuwa bado hajaijua mtu mwingine yeyote.

Dresa hakuweka mipira sana safari hii. Alisikiliza kidogo akaitoa. Akakiangalia kile kichupa.

"Hiki ndicho cha mwisho," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Huyu nimeshamwanzishia dawa jana, nikimwacha katikati joto lile litamrudia. Na mtoto, hata angeletwa alfajiri, angekuwa amechelewa. Nikikigawa hakitamtosha hata mmoja. Na kwa masista wa Ushirombo ni mbali, mtoto hawezi kubebwa mpaka kule."

Mama Minza akapiga magoti, si mbele ya Dresa, mbele ya Mama Kabula. Mama Kabula akamshika mikono, wakawa wanalia wote wawili, kila mmoja analilia wake. Na Masanja alikuwa ananitazama mimi. Angenitukana ningepata nafuu. Alinitazama tu, mtu ambaye hawezi kuniombea nife na hawezi kumwombea mwanawe afe.

Nikakaa kitandani nikasema, "Sina vichomi!"

Ukatoka upepo.

Nikasema tena kwa nguvu zote, nikapiga kifua, nikatikisa kichwa, nikamwonyesha mtoto, nikamwonyesha Dresa.

"Yaya, hapana!" mama mkwe akasema kule kwenye kona, bila kugeuka. "Anaaga."

Vilio vikaanza. Nikaona nisipofanya kitu bomba litajazwa na nitachomwa mimi. Sasa mtu asiye na sauti anawaonyeshaje watu kwamba ni mzima? Mimi ni mtu wa ngoma, najua njia moja tu. Nikaruka kutoka kitandani, nikajifunga blanketi kiunoni, nikacheza. Nikacheza pale katikati ya vitanda, mabega, miguu, na ule mtindo wangu wa kuzunguka ambao mwaka jana haukuvuta mtu, nikatabasamu, nikaonyesha meno yote ili waone afya.

"Homa imempanda kichwani!" Nkwabi akapiga kelele. "Mshikeni! Na mimi nilikuwa nataka kucheza hivi hivi!"

Wapiga ngoma wangu, vijana wenye nguvu niliowachagua mwenyewe, wakanirukia. Mmoja miguu, mmoja mikono. Dresa akasema, "Mlazeni kifudifudi, nimchome haraka kabla hajazimia," na nikaisikia chupa ikivunjwa shingo, ile ya maji ya kuchanganyia. Jamani, nilipigana. Nilipigana kama ng'ombe anayepigwa chapa, na katika kupigana kule blanketi la serikali likafunguka, likaenda zake, na mimi nikabaki kama nilivyozaliwa, mbele ya Bagika, mbele ya manju wa Bagalu, na mbele ya mama mkwe wangu, ambaye kwa kusikia vurugu alikuwa amegeuka aone kama nimekata roho.

Akajifunika kanga uso mzima, akainuka, akakimbia, akaukosa mlango, akapiga ukuta.

Vijana walipomgeukia mama mkwe mkono wangu mmoja ukapata nafasi. Nikauingiza chini ya godoro, nikakitoa kiazi. Kilikuwa kimelaliwa mchana na usiku, kimekuwa bapa kama chapati. Nikakiinua juu watu wote wakione. Nikakitia kwapani. Nikanyoosha kidole kwenye kipimo cha joto mfukoni mwa Dresa. Nikainua mkono, nikawaonyesha kwapa lilivyoungua, jekundu, lina malengelenge.

Aliyesema kwanza ni binti yangu Kabula, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mama, si kile kiazi! Nilisema sikula mimi!"

Maana jana yake, kumbe, mama yake alikuwa amemgombeza kwa kiazi kilichopotea, akalala amenuna.

Mama Kabula akakiangalia kiazi, akaniangalia mimi nilivyo, akaketi chini sakafuni. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. Dresa Salum alikichukua kiazi mkononi mwangu, akakinusa, akakiweka dirishani polepole.

"Ndiyo maana kifua hakikusema kitu," akasema.

Hakunifokea. Aligeuka na bomba lake, akapima dawa ya mtoto, akamchoma Minza kwenye paja, na Minza akalia kidogo, sauti nyembamba, nasi wote tukaifurahia ile sauti. Halafu Dresa akakiinua kichupa kwenye mwanga, akaona kilichobaki.

"Hii itamfikisha kesho, labda keshokutwa," akaniambia. "Kile cha jana, Baba Kabula, kilikuwa chake pia."

Basi. Hayo tu. Nilivaa suruali yangu ingali mbichi, nikatoka nje kwenye baiskeli ya Masanja, nikaishika usukani, nikamwangalia. Akaelewa, akaitikia kwa kichwa. Dresa akanipa kile kichupa kitupu cha jana niende nacho kwa masista wa Ushirombo, niwaonyeshe, maana sauti ya kuomba sikuwa nayo. Nikaenda. Nililala njiani kwa watu, nikaendelea, na njia yote niliendesha nimesimama juu ya pedali, kwa sababu lile tako lililomeza dawa ya mtoto halikukubali kukaa kwenye kiti, na niliona ni haki yake. Kule misheni nilitoa kichupa, nikaonyesha kwa mikono urefu wa mtoto, nikahema juu juu kama alivyohema Minza. Sista mmoja mzee akanielewa upesi. Kwa mara ya kwanza niliigiza vichomi kwa faida ya mtu.

Niliporudi Mama Minza alikuwa amekaa kizingitini mwa zahanati, mtoto ananyonya. Akapokea vichupa kwa mikono miwili. "Wabeja, Baba Kabula," akanishukuru, nami nikashindwa kumtazama.

Ngoma iliahirishwa, Masanja alikataa kucheza mpaka mtoto amalize dawa. Nami sauti yangu ilirudi, mnajua kwa dawa gani? Maji ya moto, asali ya Mama Kabula, na kufunga mdomo. Yenyewe tu.

Tukakutana uwanjani. Nilikuwa nimetunga nyimbo nzuri, na sauti ilikuwa safi, watu wakanijia, nikaanza kusahau. Ndipo Masanja akainua mkono upande wa pili, ngoma zake zikanyamaza, akaanza kwa ile sauti ya kutoka tumboni:

"Dresa, Dresa, kiazi kina homa, kichome sindano!"

Uwanja ulihama. Sijapata kuona. Watu waliondoka mbele yangu kama maji ya mvua yanavyouacha mlima. Nkwabi akahama. Kabula akahama mbio. Mama mkwe, ambaye alikuwa hajapita njia yangu tangu siku ile, nilimwona amejifunika kanga mdomo, mabega yanatikisika, anahama. Mwisho Mama Kabula akaniangalia, akasema, "Nisamehe, mume wangu, wimbo mtamu," naye akahama. Hata mbwa.

Tangu hapo sijamwambia mganga yeyote anichome nini. Nikikohoa namweleza ninavyojisikia, akisema ni mafua nakwenda nyumbani kunyamaza, na kiazi mimi nakila tu, sikipeleki mahali pengine popote mwilini.

Lakini siku ile uwanjani nilisimama peke yangu na wapiga ngoma wangu, tukiangaliana. Halafu na mimi nikahama. Wenzangu wananiita, "Manju, unakwenda wapi?" nami napenya katikati ya watu wanaonicheka na kunipiga mgongoni, mpaka mbele kabisa, alikosimama Mama Minza anaitikia wimbo wa mumewe. Sikwenda kusikiliza wimbo. Nilizunguka nyuma yake, nikainamisha sikio kwenye mbeleko. Katikati ya kelele zote zile Minza alikuwa amelala, mdomo umefungwa, anahema taratibu kwa pua.

Nikabaki pale pale, nikaanza kuitikia.